Salamu za Ndunge

Mwende mwanangu,

Kwa huzuni isiyo na kifani, na baada ya kushauriana na pande zote husika, ninatangaza rasmi kwamba leo alasiri kuku mwekundu wa mama yako aliingia katika sanduku lako mlilotuachia wazi, akakagua mizigo yote, akaipendelea ovaroli yako mpya ya kazi, akataga humo yai moja. Uchunguzi umefanywa papo hapo. Mshukiwa ameachiliwa kwa kukosa haya. Ushahidi umekaangwa na kuliwa na mkuu wa upelelezi, ambaye ndiye anayekuandikia. Ovaroli nimeipangusa, na doa lililobaki liko mahali ambapo wewe mwenyewe ungemwaga grisi kabla ya Jumatano.

Wewe na mama yako bado mko Mua kwa nyanya yako, mnaagwa kwa chai na maombi, na mimi nayajua maombi ya mama yangu. Hayatakwisha kabla ya kutaja kila jamaa na kila ng'ombe. Kwa hiyo nina muda. Nikimaliza nitaitia barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa kwako, mlango umefungwa, mimi nikiwa mbali nisiweze kukuona uso.

Mambo ya kuchemsha maji, kutomfungulia mtu usiyemjua na kupiga simu ukifika, mama yako ameyasema mara tatu, na mara ya tatu aliyasema akinitazama mimi. Sina la kuongeza. Wenzangu watoto wao wanapanda ndege kwenda Qatar. Wangu anakwenda Athi River, mwendo ambao mtu anaununulia karanga hapa Machakos na kushuka huko hazijaisha mkononi. Hata hivyo tangu Jumatatu nimeingia chumbani mwako mara nne kutafuta spana ambayo sina kazi nayo.

Lakini kilichonikalisha hapa ni swali lako la Jumapili.

Ulikuwa unavua sweta. Ilialika kwa cheche, kama inavyoalika msimu huu wa ukavu, na mama yako akasema bila hata kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Salamu za Ndunge." Tukacheka. Tumesema hivyo katika nyumba hii tangu ulipokuwa wa kubebwa. Mlango wa chuma ukikuuma kidole, ni salamu za Ndunge. Blanketi likitoa cheche, Ndunge amekuja kulala. Ulijifunza jina hilo kabla hujajua jina la pili la babu yako. Na wewe, badala ya kucheka na kuketi, ukabaki umesimama na sweta mkononi.

"Baba, huyo Ndunge si alikuwa mshonaji?"

"Eeh."

"Mkono uko kwa mashine?"

"Sasa mtu atashona na mkono uko wapi?"

"Mashine ni chuma, na iko na waya ya kwenda ardhini. Sasa hiyo chaji yake alikuwa anaiweka wapi?"

Nikasema, "Nenda umuulize Ndunge." Mama yako akacheka. Nikatoka nje kuangalia kama tangi lina maji. Uliniona nikiligonga, na ulijua kwamba lilijaa asubuhi. Hukuuliza tena. Ungeuliza tena ningepata kichekesho kingine, hicho ndicho kipaji changu. Ukaikunja sweta yako, na hapo ndipo uliponishika.

Basi nianze na hadithi kama nilivyokuwa nikikusimulia. Nilifanya kazi huko huko Athi River, kwenye viwanda vya nguo, kabla hujaanza shule. Kazi yangu ilikuwa kutandika kitambaa juu ya meza ndefu ya kukatia, safu juu ya safu. Vipande vikishakatwa na kufungwa, nilivibeba bando moja moja hadi kwa washonaji wa laini ya nne. Mwaka huo tulikuwa tunashona jaketi za baridi, zile za kitambaa chepesi chenye manyoya, ambacho ukisoma lebo yake ni plastiki tupu. Katika hadithi yetu, jini likaingia laini ya nne. Likakaa katika mkono wa mshonaji mmoja aitwaye Ndunge. Ukimgusa, anakupiga shoti. Supavaiza akaguswa, akaruka juu kama mtu aliyekalia siafu. Akaitwa mchungaji, akamwekea Ndunge mkono kichwani kwa ujasiri, akapigwa shoti katikati ya aya, akaondoka na kiatu kimoja. (Hapo ulikuwa unanililia nirudie. Nilikuwa nachechemea mpaka mlangoni.) Mwishowe akaja fundi kutoka Nairobi, akamwaga maji sakafuni, na jini kwa kuogopa kulowa likahamia Garissa. Mwisho.

Mchungaji hakuwahi kuwapo. Huyo nilimtengeneza mimi, na kiatu chake.

Sasa wewe, fundi wangu wa umeme, nirekebishe nikikosea, maana haya nimeyapata kwako. Ulikuwa kidato cha pili. Ulisugua kalamu ya biki kwenye nywele, ukaishusha juu ya vipande vya karatasi ulivyochana kutoka kwenye kalenda ya mama yako, vikarukia kalamu kama vifaranga vimeona mtama. Ukanieleza, kwa ile sauti yako ya kumfundisha mtu mgumu, kwamba vitu viwili vikisuguana kimoja humwachia mwenzake chembe ndogo zisizoonekana. Aliyepokea anabaki na ziada, mnaiita hasi. Aliyetoa anabaki na upungufu, mnauita chanya, na mimi nikasema hao walioyapa majina walikuwa wamelewa. Ukaniambia hakuna kilichoumbwa hapo wala kilichopotea, ni kuhama tu. Ukaniambia wenye chaji za namna moja husukumana, ndiyo sababu nywele zako zilisimama kila uzi ukimkimbia jirani yake. Na kwamba hewa ikiwa na unyevu chaji huvuja polepole bila mtu kujua, lakini hewa ikiwa kavu hubaki pale pale juu ya plastiki, inangoja. Ikipata chuma, au ngozi ya mtu aliyeshika chuma, inaruka yote kwa mara moja kwenda ardhini. Hapo ndipo mtu anasikia moto.

Nilikusikiliza nikitikisa kichwa kama mtu anayesikia haya kwa mara ya kwanza. Ukafurahi. Uliniambia, "Baba, wewe ungekuwa mwanafunzi mzuri." Sikuwa mwanafunzi mzuri, Mwende. Nilikuwa nimeshafundishwa somo hilo, na nimefeli.

Chukua maneno yako hayo uyapeleke laini ya nne. Nani alikuwa anasuguana na plastiki mchana kutwa? Mimi. Mimi na wabebaji wenzangu watano, tukikunjua manyoya yale, tukikumbatia bando vifuani, tukitembea juu ya sakafu iliyopakwa rangi na raba zetu za soli nene ambazo tulidhani ndizo maendeleo. Ilikuwa Septemba, mvua ziko mbali, vumbi la saruji limekausha hata mate. Tulikuwa tumejaa. Ndunge alikuwa ameketi, mkono wa kushoto umeshika kichwa cha cherehani. Chochote ambacho angekuwa nacho kilikuwa kinateremka kwenye ile waya yako tangu asubuhi. Katika laini nzima, yeye ndiye aliyekuwa hana kitu.

Utauliza kwa nini yeye na si mshonaji mwingine, wote wameshika chuma. Hapo ndipo penye uchungu wake. Washonaji wengine walituonyesha kikapu kwa kidevu, weka hapo, tukaweka tukaondoka. Ndunge alilelewa Kithimani na bibi yake, na huko kwao mtu hakuletei kitu ukakipokea kama unapokea kutoka kwa upepo. Kila tulipomletea bando alinyoosha mkono wa kulia kwanza, wa kushoto bado uko kwenye mashine, akatusalimia. "Uko mzima? Nyumbani wako nesa, wako salama?" Hata kama ni mara ya kumi siku hiyo. Tulimcheka kwa hilo mapema, kabla ya mambo ya shoti. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, ana pengo hapa mbele, na mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu kama wa mkulima.

Kwa hiyo tukawa tunatua kwake. Mmoja baada ya mwingine, tunampa mkono, tá, tunaruka nyuma tukipiga kelele kwamba ametupiga. Cheche haisemi imetoka kwa nani, inawauma wote wawili sawasawa. Kila mmoja wetu alipigwa mara moja kwa safari. Yeye alipigwa na sisi sote, siku nzima, na kesho yake akanyoosha mkono tena.

Siku ya kwanza alijitazama vidole, akaniuliza, "Kwani nyinyi mnaniletea nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na aliyeliuliza hakuwa amepita darasa la saba. Mimi, niliyefika kidato cha nne, nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi laini ya sita, "Mwaitu, mama yangu, usitusingizie. Wewe ni transfoma. Tutakutundika kwa nguzo."

Watu walicheka mpaka supavaiza akatoka ofisini. Hujui jinsi ilivyokuwa tamu. Nilikuwa nimekaa pale miezi mingi bila mtu kunijua ila kwa namba ya kadi, na saa nne ya chai siku hiyo watu walinisogezea nafasi kwenye benchi. "Kuja, Musyoka. Hebu sema tena ile ya transfoma." Nikasema tena. Nikaongeza. Kufikia Ijumaa Ndunge alikuwa anachemsha chai kwa kushika sufuria, na mumewe alikuwa anamchomekea redio. Hakuwa na mume, hayo nayo niliyatengeneza.

Sikuona yalipobadilika. Nadhani ilikuwa msichana mmoja wa kukunja jaketi, aliyekuwa na mimba, aliyesema yeye hataki kushika kazi iliyopitia mikono ile. Mwingine akasema kwao walikuwa na mama kama huyo. Neno transfoma likaacha kutumika, watu wakaanza kusema "ako na kitu." Siku mbili hivi, na mtu akasema waziwazi, "Hiyo ni uoi. Na ametoka Kithimani, mnajua kwa nini alitoka?" Hakuna aliyejua, kwa hiyo kila mtu akawa na jibu lake. Sisi Wakamba tunachekwa Kenya nzima kwa mambo ya uchawi, na tunajua kuwajibu wanaotucheka, lakini usidhani hofu yenyewe hatuna. Nilijaribu kuirudisha kwenye kichekesho. Nikasema, jamani, uchawi gani huu hata hauwezi kukaanga yai. Walicheka kidogo tu, kwa adabu. Neno langu lilikuwa limeondoka kwangu na halikunihitaji tena.

Ndunge akaachishwa. Aliambiwa aende nyumbani kwanza apumzike, ataitwa. Hakuitwa. Maneno yalimtangulia hadi kwenye nyumba alimopanga, na nilisikia kwamba mwenzake wa chumba alihamisha godoro lake mchana, Ndunge akiwa hayupo, bila kuaga. Mwisho wa mwezi Ndunge mwenyewe alikuwa amerudi kwao.

Wiki tatu baada ya hapo ndipo fundi wa kweli alipokuja, maana shoti hazikuwa zimekwisha. Mshonaji aliyewekwa kwenye kiti cha Ndunge hakuwa akisalimia mtu, lakini sasa wabebaji walikuwa wanapigwa na fremu za madirisha na bomba la maji. Fundi alikuwa na kimashine kidogo chenye sindano. Akakisogeza kwa washonaji, sindano imelala. Akanisogezea mimi, ikalala upande wa pili kwa kishindo. "Mzee, wewe ni ghala," akasema. Akaagiza magunia yaliyoloweshwa yatandikwe njiani, na kila mbebaji ashike nguzo ya chuma kabla ya kukabidhi bando. Shoti zikaisha siku hiyo hiyo. Wakati anafunga mkoba aliniuliza, "Na yule mama nasikia mlimfukuza, alikuwa anashika mashine?" Nikamwambia ndiyo. Alinitazama, akaenda kuosha mikono.

Umekua ukiniona mtu wa kuchekesha watu matangani, mtu anayeitwa harusini ili kimya kisiingie. Sitakuambia usicheke watu. Ungecheka tu, wewe ni wangu. Nimechunguza jambo hili miaka yote hii, na ninachokijua ni kidogo na hakinisaidii. Ninajua kwamba watu wakiumia hawamtafuti aliyewaumiza, wanamshika aliyekuwa karibu, na mara nyingi aliyekuwa karibu ni yule aliyenyoosha mkono. Huko uendako utakuwa na mita ya kupimia umeme kiunoni na watu watakuita wakishatafuta mwenye kosa wao wenyewe. Utafika, utakuta wameshapata jina. Sijui utafanya nini. Mimi sikuweza kufanya lolote hata nilipokuwa na jibu mfukoni.

Nilikwenda Kithimani mara mbili. Mara ya kwanza sikumpata. Mara ya pili ulikuwa darasa la tano, nilisema nakwenda kuangalia shamba la kukodi. Nilimwona sokoni, ameketi nyuma ya vitunguu. Nywele zimeanza mvi, pengo liko pale pale. Mteja alikuja, akampa mkono kwanza, akamuuliza habari za nyumbani, ndipo akapima. Nilikuwa na maneno tangu stendi ya Machakos, nimeyapanga vizuri. Nikasimama nyuma ya lori la maembe kama robo saa. Halafu nikanunua vitunguu kwa jirani yake nikarudi nyumbani. Mama yako alisema vimeoza. Vilikuwa vimeoza.

Mpaka hapa unaweza kuniambia, Baba, hukujua. Kidato cha nne kilikuwa zamani, fundi alikuja baadaye, ulikuwa kijana mjinga mwenye mdomo. Najua utataka kusema hivyo. Mama yako pia angesema hivyo, ndiyo sababu sijamwambia. Kwa hiyo nikueleze siku yenyewe aliyoachishwa ilivyokuwa.

Asubuhi ile, kabla ya kengele, nilishika mlango wa chuma wa stoo na ukanipiga. Nikaushika tena, haukunipiga. Nikasimama pale. Nikaenda mezani, nikakunjua kitambaa kidogo, nikarudi, ukanipiga. Mara ya pili, kimya. Nilirudia hivyo mara tatu nne kama mtoto, na lile somo la kidato cha pili likanirudia lote, hata sura ya mwalimu. Kisha nikafanya jambo jingine. Nikashika mlango, nikabeba bando kwa kamba yake nisije nikalikumbatia, nikaenda moja kwa moja kwa Ndunge, ambaye siku hizo hakuna aliyempa mkono. Akaninyooshea. Nikaushika. Hakuna kitu. Mkono tu wa mtu, wenye baridi ya asubuhi. Akatabasamu, akasema, "Leo umenionea huruma."

Saa nne supavaiza akatuita sisi wabebaji karibu na stoo, Ndunge akiwa amesimamishwa mbele yetu, na laini nzima imeacha mashine inatazama. Supavaiza alikuwa na oda ya kumaliza na wasichana waliogoma kushika kazi ya Ndunge. Akauliza mmoja mmoja, amekupiga au hajakupiga. Nilikuwa wa tano. Wanne walikuwa wamesema ndiyo. Niliwaza kwamba nikisema ni mimi, watanishika mimi. Niliwaza juu yako na maziwa yako. Lakini nisikudanganye, zaidi ya yote niliwaza kwamba watu wale wote walikuwa wananitazama mimi, wakingoja kuona nitasema nini cha kuchekesha.

Nikasema, "Amenipiga. Si mnaona nywele zangu?"

Watu wakacheka.

Ndunge hakulia wala hakubishana. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya cherehani, akaanza kutuaga kwa mkono, kama mtu anayeondoka nyumbani kwa watu. Wa kwanza akarudi nyuma. Wa pili akarudi nyuma. Wote wanne. Akafika kwangu. Nilikuwa nimeegemea mlango wa stoo, mkono wangu wa kushoto uko kwenye chuma, sina chaji yoyote, na nilijua sina. Ningempa mkono mbele ya wote, na kusingetokea kitu, na kila mtu angeona.

Aliushikilia mkono wake hewani muda mrefu kuliko kwa wengine, maana asubuhi ile nilikuwa nimemsalimia. Mimi nikautia wangu mfukoni.

Baba yako,
Musyoka